Mlezi, Mwakilishi na Mshauri: Historia Fupi ya Uongozi wa Ustawi wa Wanafunzi katika Vyuo Vikuu vya Kongo na Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uongozi wa ustawi wa wanafunzi ulivyobadilika katika vyuo vikuu vya Kongo na vya jirani zake wa Afrika Mashariki tangu enzi ya ukoloni hadi leo. Tunaposema "uongozi wa ustawi" tunakusudia mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, nani amekabidhiwa kazi ya kuangalia malazi, chakula, afya na utulivu wa moyo wa mwanafunzi. Pili, mtu huyo anawajibika kwa nani. Jambo la kwanza hutajwa katika kanuni za kila chuo. La pili hupitwa haraka, ilhali ndilo linaloamua kama mwanafunzi mwenye shida atabisha mlango au atapita kimya.

Tunaandika tukiwa mtaa wa Lumumba, mjini Bunia, katika mkoa ambao vijana wake wengi walio vyuoni leo walizaliwa au walilelewa katikati ya vita. Kwa hiyo suala hili kwetu si la kumbukumbu tu. Hata hivyo, kabla ya kuuliza nini kifanyike, inafaa tujue nini kilikwisha fanywa, na kwa nini mara nyingi hakikudumu.

2.0 Maneno na Uzito Wake

Ifahamike kwanza kwamba lugha zetu hazikungoja chuo kikuu ziwe na maneno ya ustawi. Kitenzi "stawi" asili yake ni shambani: mhogo hustawi, migomba hustawi. Neno hili hubeba ndani yake udongo, mvua na mkono wa mkulima. Mmea haustawi kwa juhudi zake peke yake. "Afya" tumeipata kutoka Kiarabu. "Uzima" hutokana na "-zima", na mtu mzima ni aliye hai, aliye na afya, aliyekamilika na aliyekomaa. Salamu yetu nayo, "hujambo", ni swali la kukanusha: je, huna jambo? Anayejibu "sijambo" husema kwamba hakuna lililompata. Mbantu wa pwani hakuuliza kama mwenzake ana furaha. Aliuliza kama hana zito.

Kwa upande mwingine, majina ya vyeo yanatofautiana kwa namna yenye mafunzo. Nchini Tanzania, ofisa anayeitwa kwa Kiingereza mkuu au kiongozi wa wanafunzi hupewa kwa Kiswahili jina la "Mshauri wa Wanafunzi". Jina hilo lilibadilisha maana: badala ya cheo likasisitiza kazi. Kwetu Kongo, ambako utawala wa vyuo huendeshwa kwa Kifaransa, "doyen" ni mkuu wa kitivo na hashughuliki na malazi wala majonzi ya mtu. Kazi ya kuandikisha wanafunzi na kufuatilia nidhamu yao hufanywa na ofisi iitwayo "apparitorat", na huduma za malazi na chakula zikawekwa chini ya idara ya "oeuvres estudiantines", yaani kazi za hisani kwa wanafunzi. Bweni lenyewe likaitwa "home", neno la Kiingereza lililoingia katika Kifaransa cha vyuo vyetu na kubaki. Hivyo mwanafunzi wa Kongo alikuwa na nyumba, alikuwa na hisani, na alikuwa na msimamizi wa nidhamu. Mshauri hakuwa na jina, na kisichokuwa na jina ni vigumu kukitengea fungu la fedha.

3.0 Enzi ya Mlezi

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, ikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 1949. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954 chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, na mwaka 1956 serikali ya kikoloni ikafungua chuo kikuu chake Elisabethville. Vyuo hivi vilitofautiana kwa lugha na dini, lakini katika suala letu vilifanana: mwanafunzi alihesabiwa kuwa mtoto wa chuo, na chuo kilishika nafasi ya mzazi.

Makerere ulezi huo ulipitia mabweni, kila moja likiwa na msimamizi wake, meza yake ya chakula na desturi zake. Lovanium ulipitia makasisi na mpangilio wa mji mdogo uliojitosheleza juu ya kilima, mbali na mitaa ya Waafrika. Hatuna budi kukiri kwamba ulezi huu ulikuwa na faida zilizo wazi. Mwanafunzi alikula, alilala penye kitanda, alitibiwa. Fedha zilikuwapo: Lovanium ilipata hata kinu cha utafiti wa nyuklia mwaka 1959, cha kwanza barani Afrika.

Lakini mlezi huwajibika kwa aliyemtuma, si kwa anayelelewa. Jambo hili lilidhihirika mapema. Mwezi Agosti 1952 wanafunzi wa Makerere waligoma kwa sababu ya ubaya wa chakula. Kwa mtazamo wa leo, malalamiko ya chakula ni suala la ustawi kwa maana yake ya msingi kabisa. Uongozi wa chuo uliyachukua kama uasi, na baadhi ya viongozi wa mgomo wakafukuzwa, miongoni mwao Abu Mayanja, ambaye baadaye alisoma Cambridge na kuwa waziri nchini Uganda. Mlezi alikuwa tayari kumlisha mtoto, lakini hakuwa tayari kuambiwa na mtoto kwamba chakula hakiliki.

4.0 Enzi ya Mwakilishi

Uhuru ulibadilisha swali. Kongo ilipojitawala mwaka 1960 wahitimu wake wa chuo kikuu walikuwa wachache mno, na waziri mkuu wake wa kwanza, Patrice Lumumba, alikuwa karani wa posta ambaye hakupata kusoma chuo kikuu. Inastahili kuangaliwa kwamba jina lake, baada ya kuuawa Januari 1961, lilienea vyuoni kuliko jina la mwanazuoni yeyote wa wakati huo. Chuo Kikuu cha Urafiki mjini Moscow kilipewa jina lake mwaka huohuo wa 1961. Makerere ina bweni la Lumumba. Chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kilianzia katika jengo la chama cha TANU kwenye mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani. Vijana waliokaa chini ya jina hilo hawakuona sababu ya kulelewa, walitaka kushirikishwa.

Mwezi Mei 1961 wanafunzi wa Kongo waliunda umoja wao wa kitaifa, UGEC. Machi 1964 wanafunzi wa Lovanium waligoma wakidai washiriki katika uendeshaji wa chuo. Dai hilo halikuhusu siasa za nchi peke yake. Lilihusu pia nani anaamua masharti ya maisha ya kila siku kilimani. Kwa mara ya kwanza ustawi uliwekwa mezani kama haki ya kuamua, wala si zawadi ya kupokea.

Kwa bahati mbaya, dola jipya lilijibu kama mlezi wa zamani, tena kwa mkono mzito zaidi. Januari 1968 wanafunzi mjini Kinshasa walipinga kitendo cha Hubert Humphrey, makamu wa rais wa Marekani, kuweka shada la maua kwenye mnara wa Lumumba. UGEC ikapigwa marufuku. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliandamana kuhusu posho na hali yao ya maisha, na askari wakawafyatulia risasi. Serikali ilitaja vifo vichache, wanafunzi wakataja vingi zaidi, na hesabu haijapata kukubaliwa na pande zote. Walipotaka kuwakumbuka wenzao waliouawa, Juni 1971, wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa lazima. Agosti mwaka huo vyuo vikuu vitatu vya nchi, pamoja na kile cha Waprotestanti kilichoanzishwa Stanleyville mwaka 1963, viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na uwakilishi wa wanafunzi ukakabidhiwa kwa tawi la vijana la chama tawala.

Tanzania nayo haikuepuka. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa; Rais Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Julai 1971 kiongozi wa wanafunzi Mlimani, Symonds Akivaga, raia wa Kenya, alikamatwa na polisi na kurudishwa kwao baada ya kumwandikia mkuu wa chuo barua ya wazi. Tofauti kati ya Dar es Salaam na Kinshasa ni kubwa, na haifai kuifuta: upande mmoja wanafunzi walirudishwa nyumbani, upande mwingine waliuawa. Hata hivyo katika pande zote mbili mwakilishi alionekana mshindani wa dola, na ofisi ya ustawi ikajifunza kwamba usalama wake uko katika kunyamaza.

5.0 Fedha Zinapokwisha

Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire kiligawanywa tena, na Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani zikapata vyuo vikuu vyao. Lakini miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya kubana matumizi. Posho za wanafunzi zilipungua thamani, kisha zikatoweka, mabweni yakachakaa, mzigo wa karo ukahamia kwa wazazi. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 kampasi ya Lubumbashi ilivamiwa na wanafunzi wakauawa. Idadi yao bado inabishaniwa. Ubelgiji ikasimamisha misaada yake.

Mwaka huohuo, tarehe 10 Desemba 1990, polisi waliwaua wanafunzi wawili wa Makerere katika mgomo uliotokana na kuondolewa kwa posho. Katika miaka ya 1990 vyuo vya umma vya Kenya viliacha kuwalisha wanafunzi kwa gharama ya serikali, na Tanzania ikaanzisha sera ya kuchangia gharama.

Kwa mtazamo wa historia, mabadiliko haya yalifanya jambo ambalo hakuna tangazo lililolisema wazi: yaliondoa mwili wa mwanafunzi mikononi mwa chuo. Chuo kilibaki na akili yake tu, yaani kumfundisha na kumtahini. Idara za "oeuvres estudiantines" zilibaki katika michoro ya utawala, lakini bila mabweni ya kutosha wala mikahawa ya kuendesha. Mjini Bunia, ambako elimu ya juu ya umma ilikua kutokana na tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, wanafunzi wengi hulala kwa jamaa au katika vyumba vya kupanga mitaani. Mwenye njaa hukaa na njaa yake mahali ambapo chuo hakimwoni.

6.0 Enzi ya Mtaalamu

Sambamba na historia hiyo ya mabweni na migomo, ilikuwa inakua historia nyingine, ya madaktari. Mwanzo wake hutajwa kuwa Chuo cha Amherst, Marekani, ambako mwaka 1861 Edward Hitchcock, daktari, alikabidhiwa elimu ya afya na mazoezi ya viungo kwa wanafunzi. Mwaka 1910 Princeton ikaanza kutoa huduma ya afya ya akili. Katiba ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1946 ikapanua maana ya afya hadi ustawi wa mwili, akili na jamii. Mwaka 1976 Bill Hettler, katika chuo kikuu cha Stevens Point, Wisconsin, alipendekeza kielelezo chenye pande sita: mwili, hisia, akili, jamii, kazi na roho. Mwaka 2015 wawakilishi wa vyuo kutoka nchi mbalimbali walikutana Kelowna, Kanada, na kutoa mkataba wa Okanagan, unaovitaka vyuo viingize afya katika maamuzi yao yote badala ya kuiachia zahanati.

Afrika haikuwa mtazamaji. Mwaka 1960 Raymond Prince, daktari wa akili kutoka Kanada, alieleza maradhi aliyoyaona kwa wanafunzi wa Naijeria: kichwa kuwaka moto, macho kushindwa kusoma, maneno ya kitabu kutoshika. Wanafunzi wenyewe waliyaita uchovu wa ubongo. Kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa ugonjwa wa Mwafrika aliyezidiwa na elimu ya kigeni. Baadaye wanahistoria wa tiba walionyesha kwamba msemo huo ulikuwa umevuma Uingereza kwenyewe katika karne ya 19. Makerere, mwaka 1969, G. A. German na O. P. Arya walichapisha uchunguzi wao kuhusu matatizo ya akili miongoni mwa wanafunzi wa Uganda. Hivyo, miaka ileile ambayo askari walikuwa wakiwafyatulia risasi wanafunzi wa Kinshasa kwa kudai posho, wenzao wa Kampala walikuwa wakiulizwa na madaktari kama wanapata usingizi.

Mtaalamu ana faida ambayo mlezi hakuwa nayo: miiko ya kazi yake humfunga kutunza siri. Lakini ana udhaifu wake. Lugha yake mara nyingi si ya mgonjwa. Kiswahili sanifu cha leo kina "sonona" na "msongo wa mawazo", na ni maneno mazuri. Ila kijana wa Bunia husema kwamba ana "mawazo mingi". Mwambie aende kwa daktari wa akili, ataelewa kwamba umemwita kichaa, na jamaa zake wataelewa hivyohivyo. Zimbabwe wametuonyesha njia. Washona wana neno "kufungisisa", kufikiri kupita kiasi. Dixon Chibanda na wenzake, walioanza kazi yao Harare mwaka 2006, hawakulitupa neno hilo. Waliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi na kuzungumza nao kwa lugha hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

7.0 Baada ya Bunduki: Garissa na Bunia

Tarehe 2 Aprili 2015 wapiganaji wa Al-Shabaab walivamia chuo kikuu kishiriki cha Garissa, Kenya, wakaua watu 148, na kati yao 142 walikuwa wanafunzi. Walionusurika walihamishiwa Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na chuo cha Garissa kikafunguliwa tena Januari 2016. Baada ya Garissa hapakuwa na haja ya kumshawishi mtu yeyote katika Afrika Mashariki kwamba ushauri nasaha ni sehemu ya chuo.

Garissa ilikuwa asubuhi moja ya kutisha. Ituri ilikuwa miaka. Vita vilivyoanza mwaka 1999 kati ya makundi ya Kihema na Kilendu vilifika kileleni mjini Bunia Mei 2003, baada ya majeshi ya Uganda kuondoka. Mamia ya raia waliuawa, mitaa ikagawanyika kwa kabila, hadi kikosi cha Ulaya cha operesheni Artemis kilipoingia mwezi Juni. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaingiza watoto jeshini. Desemba 2017 mauaji yalianza upya Djugu. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 ikatupitia Ebola, ambayo katika Kivu ya Kaskazini na Ituri iliua zaidi ya watu 2,200. Na Mei 2021 mkoa ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi.

Katikati ya hayo vyuo viliendelea. Seminari ya teolojia iliyoanzishwa Banjwadi mwaka 1961 na kuhamia Bunia ikawa Chuo Kikuu cha Shalom mwaka 2007. Chuo Kikuu cha Bunia kilipata kujitegemea, na taasisi za ualimu na za afya zilifundisha. Jambo ambalo takwimu za mitihani haziwezi kuonyesha ni kwamba katika darasa moja hukaa aliyepoteza baba na aliyelelewa na mjomba aliyebeba bunduki. Na huenda wote wawili wanalijua hilo. Tunapouliza nani aongoze ustawi wa darasa kama hilo, tunauliza nani anaweza kuaminiwa na wote wawili.

Hapa ndipo historia tuliyoieleza inapokuwa na kazi. Ofisi inayoshika daftari la nidhamu haiwezi kuwa ofisi ambayo mwanafunzi ataieleza usiku wake, hata kama ofisa wake ni mtu wa huruma. Hilo ndilo fundisho la mwaka 1952. Uwakilishi usiokuwa huru huwa kipaza sauti cha mkubwa: ndilo fundisho la mwaka 1971. Huduma isiyokuwa na fungu la fedha hubaki jina mlangoni: ndilo fundisho la miaka ya 1980 na 1990. Na mtaalamu asiyejua lugha ya mitaani hungoja wagonjwa wasiokuja.

8.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba uongozi wa ustawi umepita mikononi mwa mlezi, mwakilishi na mtaalamu, na kwamba kila mmoja alishindwa pale alipoachwa peke yake. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu kwa vyuo vyetu vya Bunia. Kwanza, pawe na mshauri wa wanafunzi asiyekuwa chini ya "apparitorat", ambaye anayoambiwa hayawezi kuitwa mbele ya baraza la nidhamu. Pili, wanafunzi wachague wenzao, kutoka jamii mbalimbali, wakae na mshauri huyo katika kuamua matumizi ya fedha za ustawi, hata zikiwa kidogo. Tatu, idara za lugha zishiriki katika kazi hii, kwa kukusanya maneno ambayo vijana wetu wanayatumia kwa huzuni, hofu na uchovu, ili msaidizi na msaidiwa waelewane.

Pendekezo la tatu linatuhusu sisi moja kwa moja. Kifaransa cha Kongo kiliazima kwetu neno "barza", yaani ukumbi wa mbele ya nyumba, kutokana na "baraza" ya Kiswahili, mahali pa kuketi na kusikilizana. Chuo kisichoweza kujenga upya mabweni yake kwa mwaka mmoja kinaweza, kwa gharama ya viti vichache na saa mbili kwa juma, kuwa na baraza. Kinachohitajika ni uamuzi wa nani atakaa hapo, na ahadi kwamba hatakuwa na daftari la nidhamu mkononi.